Poka ya karata saba, juu na chini: lini upandishe dau

Kanuni za poka hii kijana wa Ngamiani au Makorora, Tanga, anayecheza karata kila jioni huzishika upesi. Kinachomfilisi ni kupandisha dau kwa sababu karata zake zinapendeza, wakati nusu ya kapu tayari ina mwenyewe. Kapu ni dau zote zilizowekwa: nusu huchukuliwa na mkono bora wa juu, nusu na mkono bora wa chini. Kabla hujapandisha, jiulize mambo mawili: je, naweza kuchukua juu na chini pamoja? Na kama nachukua nusu tu, kuna mtu wa tatu anayelipa?

Maandalizi

Chezeni kwa komwe, si kwa fedha. Mchezo wa fedha kijiweni bila leseni ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha ni kosa, na kujifunza hakuhitaji fedha. Kwa watu sita, seti mbili za kete za bao zinawapa komwe 20 kila mmoja. Ongezeni visoda 30 kwa kila mchezaji, kila kisoda kikihesabiwa komwe 4. Jumla ni 140, na inatosha hata raundi zote zikipandishwa hadi mwisho.

Kila mmoja anaweka komwe 1, kisha anapewa karata mbili za kufunika na moja ya wazi. Mwenye karata ya wazi iliyo ndogo kuliko zote analazimika kuanza kwa komwe 2. Karata ya nne, ya tano na ya sita ni za wazi, ya saba inafunikwa, na kuanzia karata ya nne anayeanza kusema ni mwenye karata za wazi zenye nguvu zaidi. Dau ni 4 katika raundi mbili za mwanzo na 8 katika tatu za mwisho. Kila raundi ina dau moja na kupandisha kusikozidi mara tatu.

Mkono wa chini ni karata tano tofauti zisizozidi 8. Ree (karata ya A) ni ndogo huku chini na kubwa kule juu. Mfululizo hauharibu mkono wa chini, kwa hiyo ree-2-3-4-5 ndiyo chini bora kabisa na pia ni mfululizo wa juu. Mikono ya chini hulinganishwa kuanzia karata kubwa: 7-5 inaishinda 7-6. Asipopatikana mwenye chini, wa juu anazoa zote.

Hatua ya 1: karata tatu za mwanzo

Pandisha ukiwa na ree na karata mbili ndogo zinazokaribiana, hasa zikiwa za ua moja. Ukiwa na ree mbili na karata ndogo. Au ukiwa na tatu zinazofanana. Jozi ya 9, 10 au jeki ni mtego. Haina chini, na juu yake inapigwa na jozi yoyote kubwa zaidi. Ilaze, yaani jitoe katika mkono huo.

Kuna kupandisha kwingine kunakosahaulika: ree yako iko wazi na walio mbele yako wote wanaonyesha malkia, 10, 9. Pandisha hata kama za kufunika ni za kawaida tu, kwa kuwa wengi watalaza papo hapo.

Hapo hapo anza kukariri karata za wazi za wanaolaza. Zikishakusanywa hazionekani tena, na bila hizo hesabu za hatua ya 3 hazifanyiki.

Hatua ya 2: karata ya nne

Wewe umepata ndogo, mwenzako aliyekuwa na ndogo amepata mfalme: fungua dau, na akifungua yeye, mpandishie. Ikiwa kinyume, yaani mfalme amekuja kwako na yeye amepata 4, laza bila uchungu. Dau bado ni 4, na ni rahisi kutoka sasa kuliko raundi ijayo.

Mwenye jozi kubwa, wafalme kwa mfano, hapa ndipo pake pa kupandisha. Wanaotafuta chini wakishapata karata mbaya, walipishe. Ukingoja hadi wawe na ndogo tatu wazi, umechelewa: mwenye ree-4-6 mezani huenda ameshaishika nusu yake na sasa anaiwinda yako. Hapo pita, na akifungua dau mfuate tu.

Hatua ya 3: karata ya tano

Hii ndiyo raundi ya kutuliza kichwa, maana dau limekuwa mara mbili.

Ukiwa na ndogo nne tofauti na moja mbaya, karata 16 zinakukamilishia chini. Bila kuona karata za wenzako, katika mbili zilizobaki nafasi yako ni kama asilimia 57. Lakini kama umeona karata 10 za wengine na 6 kati yake ni zile unazozitaka, imeshuka hadi 47. Na hiyo ni nafasi ya kupata nusu ya kapu tu. Kama huna tumaini la juu na mbele yako ni mtu mmoja mwenye jozi, kupandisha ni hasara.

Sasa tazama mezani. Umefunika ree na 4, wazi una 5, 7 na 2: chini umeikamilisha, 7-5. Mmoja anaonyesha mfalme, mfalme, 9. Mwingine anaonyesha 6, 8, jeki. Wa wafalme anafungua 8, wa jeki anafuata, zamu ni yako.

Mwenye wafalme hana chini tena. Ukitoa tatu kubwa katika karata saba zinabaki nne, na chini inataka tano. Mwenye jeki ana ndogo nne kwa wingi, na 8 ikiwamo. Akipata moja tu, mkono wake ni wa 8 na umeshaushinda. Ili akupite lazima karata zake mbili zijazo zote zimkubali. Pandisha. Kila mmoja akiongeza 8, kapu limepata 24, nusu ni 12, nawe umetoa 8: faida 4 kwa kila dau.

Tena unasubiri 3 ikupe mfululizo. Kama walaza karata watatu waliacha 3 moja, zimebaki tatu kati ya karata 38 usizoziona, na nafasi ya kupata moja kwa mara mbili ni kama asilimia 15. Kwa hiyo hata wa jeki akilaza, endelea kumpandishia wa wafalme. Nusu yako haiguswi, ya kwake ndiyo iliyo hatarini.

Hatua ya 4: karata ya sita

Ambaye bado anatafuta karata moja ya chini ana asilimia 35 tu kabla ya kuhesabu zilizotoka. Afuate kama kapu ni kubwa na walipaji ni wawili au zaidi. Kupandisha si kazi yake.

Hatua ya 5: karata ya saba

Mkibaki wawili na hakika yako ni nusu tu, kupandisha hakukuongezei komwe hata moja. Mkibaki watatu, pandisha kila ukipewa nafasi, isipokuwa unapohofia kulingana na mwenye chini kama yako. Mkigawana nusu hiyo unapata robo: katika 24 ni 6, nawe umetoa 8. Mkiwa wanne, robo inakurudishia ulichotoa, basi.

Mkono wa chini wenye 8, mbele ya mtu mwenye ree-3-5 wazi, usiupandishie kamwe, hata kama jirani anakuchochea.

Kapu likigawanyika na komwe moja ikazidi, inakwenda kwa mkono wa juu. Kubalianeni hilo kabla ya karata kugawiwa.