Kabla mama abadilishiwe goti, uliza litakunjika vipi

Kama uko Kisumu ama Kakamega na daktari wa mifupa amesema goti la mama litolewe awekewe la chuma na plastiki, usianze kuuliza ni la kampuni gani. Anza na vile anaishi: choo ni ya shimo? Kanisani anapiga magoti? Ama kazi yake ni kukaa kwa duka na kupanda matatu? Kutembea kunataka goti likunjike digrii 60 hivi, kuinuka kwa kiti 90 na kitu, lakini kuchuchumaa kabisa inapita 120 na magoti mengi ya bandia yanaishia hapo 110 hadi 120, yawe ya aina gani.

Alafu mlaze chali, avute kisigino kuelekea makalio mpaka mwisho, umpige picha na simu ukiwa upande. Daktari atapima mwenyewe lakini hiyo picha beba, juu vile goti linakunjika kabla ya kupasuliwa ndio inabashiri sana vile litakunjika baadaye.

Sasa aina zenyewe. Goti zima likikunjwa, mfupa wa paja upande wa ndani unakaa karibu palepale, wa nje unarudi nyuma, na magoti mengi ya bandia yanajaribu kuiga hiyo. Kuna lile linaacha kano ya nyuma (ile kamba ndani ya goti inayoshikanisha mfupa wa paja na wa mguu wa chini), iko sawa kama kano bado ni ngumu, ikiwa imelegea paja linateleza mbele wakati lilifaa kurudi nyuma na kukunja kunaisha mapema. Lingine kano inakatwa, katikati kunawekwa kijiti cha plastiki, ukikunja chuma ya paja inakigonga inasukumwa nyuma kwa lazima, shida ni mfupa unachongwa zaidi kidogo. Lingine upande wa ndani umechimbwa kama bakuli ndio goti lisiyumbe. Ile ya plastiki inayozunguka inasikika tamu lakini ikilinganishwa na isiyozunguka matokeo ya wagonjwa hayaachani sana, so ukiambiwa uongeze pesa, uliza ni ya nini.

Muulize daktari: kano ya mama ikoje, na yeye amezoea kuweka gani? Mimi ningechukua ile mkono wake umezoea.

Na fundi wa jua kali achomelee kiti cha kuweka juu ya shimo la choo mapema, kabla mama alazwe, manake akirudi hatachuchumaa.