SOMO: Umepigwa DQ (umeondolewa mashindanoni) kwa kosa la usalama? Fuata hatua hizi

Kila mashindano yakiisha napokea ujumbe ule ule: "Mkuu, nimepigwa DQ, nifanyeje?" Naandika jibu mara moja, tuelekezane hapa. Nazungumzia bastola kwa kanuni za IPSC, shirikisho la kimataifa la mashindano ya kulenga shabaha kwa vitendo. Ukishindana kwa kanuni nyingine, linganisha na kitabu chenu.

1. Ukisikia amri ya kusimama, simama. Mtutu ubaki kwenye tuta (kizuizi cha risasi nyuma ya shabaha), kidole nje ya triga, mdomo ufungwe.

2. Toa magazini, toa risasi iliyo chembani, mwonyeshe mwamuzi, rudisha bastola kwenye holsta akikuamuru. Kama una la kubishia, libishie ukiwa mikono mitupu.

3. Uliza namba ya kanuni. Risasi iliyotoka bila kukusudiwa iko 10.4, ushikaji mbaya wa silaha uko 10.5. Una saa 1 tangu tukio kuwasilisha rufaa ya maandishi. Lakini elewa: rufaa ya kosa la usalama haijadili kama mtutu ulivuka nyuzi 90 kutoka uelekeo wa tuta, yaani ukatazama nyuma, au haukuvuka. Kitendo alichokieleza mwamuzi hakipingwi. Kinachopimwa ni kama kulikuwa na mazingira ya kipekee. Na steji zote zilizobaki (vituo vya kulenga vya mashindano hayo) huzipigi.

4. Steji ikitulia, mwendee mwamuzi. Usimwulize "kwa nini umenitoa". Mwulize aliona nini: mguu upi ulikuwa mbele, kifua kilitazama wapi, mkono wa kushoto ulikuwa unafanya nini. Andika palepale. Ukingoja hadi ufike nyumbani, kumbukumbu yako itakuwa imeshaanza kukutetea.

5. Tafuta chanzo, usiishie kwenye ile sekunde ya kosa. Hii ndiyo hatua inayoharibiwa na wengi. Chukua kosa ninalokutana nalo sana nikisimamia steji: mlengaji wa mkono wa kulia anakimbilia kushoto huku akibadilisha magazini. Miguu imegeuka, kifua nacho kimegeuka. Kwa mazoea anaivuta bastola karibu na kifua na kuilaza ili tundu la magazini lielekee mkono wa kushoto, na mtutu unazunguka kushoto kupita kifua chenyewe. Hapo umevuka nyuzi 90 na unawatazama watu walio nyuma. Daftarini ataandika "niwe makini na mtutu", na mashindano yajayo atatolewa kwa kosa lile lile.

Ukimrudisha nyuma hatua kwa hatua, unakuta kosa lilizaliwa kabla taima ya kuanzia haijalia. Alipokagua steji alihesabu shabaha, lakini hakuamua atabadilisha magazini akiwa wapi. Akakosa bamba moja la chuma, akaongeza risasi, magazini ikaisha katikati ya mbio. Dawa yake ni mpango: chagua mahali, na magazini mpya iingie kifua kikiwa bado kinatazama shabaha, ndipo ugeuke. Zikikuishia njiani, kimbia bastola ikiangalia tuta, ubadilishe ukifika.

ONYO: usitibu hili kwa kuelekeza mtutu angani. Risasi ikikutoka ikapita juu ya tuta ni DQ, na hakuna ajuaye itaangukia nani.

ONYO jingine: mtutu unaweza kuwa sawasawa kabisa, lakini kidole kikiwa ndani ya triga wakati wa kubadilisha magazini au kukimbia, unatolewa hata kama hakuna risasi iliyotoka.

6. Rudia tendo hilo nyumbani bila risasi, kwa mwendo wa kutembea, hadi lisikuhitaji ufikiri.

---

MASWALI

shabaha_kali: Mkuu, nifupishie. Nikitolewa asubuhi, za jioni napiga?

*Jibu:* Hapana. Hatua ya 3.

Mzee wa Tuta: Mimi nilionewa. Mtutu ulivuka kidogo tu, na bastola ilikuwa tupu.

*Jibu:* Kanuni ya nyuzi 90 haiulizi kama bastola ina risasi. Aliyesimama nyuma yako hakuwa na namna ya kujua. Na mwamuzi hapimi "kidogo".

Mzee wa Tuta: Lakini wengine walifanya hivyo hivyo wakaachwa.

*Jibu:* Somo ni la kosa lako. Ulimwuliza aliona nini?

binti_mlengaji: Asante kwa somo. Natumia mkono wa kushoto. Hatari yangu ni nikikimbilia kulia? Na nikifanya mazoezi peke yangu nitajuaje nimevuka?

*Jibu:* Ndiyo, kwako inageuka: ni kulia. Bandika utepe sakafuni sambamba na ukuta unaoufanya tuta, simu uiweke mwisho wa utepe ikitazama urefu wake. Tembea juu ya utepe ukibadilisha magazini, kisha tazama video polepole. Mtutu ukielekea upande wa utepe ulio mbali na ukuta, umevuka. Angalia pia kidole, mara nyingi huingia pale magazini inapogonga. Risasi halisi zibaki chumba kingine, na ukague chemba mara mbili kabla ya kuanza. Ukikwama nitumie video, nitaitazama.

fundi_holsta: Niongezee. Kaza skrubu za holsta kabla ya kila mashindano. Nimeona bastola ikidondoka mtu anainama tu kuokota magazini.

*Jibu:* Nyongeza muhimu. Na ikidondoka nje ya steji, usiiguse. Mwite mwamuzi aiokote na kuikagua. Ukiiokota mwenyewe umejitoa.

shabaha_kali: Na nikiidaka kabla haijafika chini?

*Jibu:* Usidake kamwe. Vidole vinavyodaka bastola iliyo hewani vinaweza kuangukia triga, na hakuna ajuaye mtutu utakuwa umemwelekea nani. Iache ianguke.