Siku ya Kufungua Kibanda Upya, Lia Kwanza

Soko la Karume, Ilala, Dar es Salaam, liliungua usiku wa kuamkia Jumapili, 16 Januari 2022, na kibanda changu cha viatu vya mtumba kilikuwa humo. Asubuhi nilichokikuta ni kufuli. Kufuli limefungwa vilevile nilivyolifunga, mlango wenyewe haupo.

Nawaandikia mnaoanza upya na mnaambiwa kila kona, "Mshukuru Mungu, u mzima." Itikia amina, ni salamu ya watu wema. Ila usijilazimishe kucheka. Mimi niliitikia amina wiki nzima mpaka taya zikauma, na moyoni hakuna kitu.

Kilichonifungua ni Ezra sura ya tatu. Isome kwa sauti, mlango umefunga. Waliorudi kutoka Babeli wanaweka msingi wa hekalu Yerusalemu: wengi wanapiga kelele za furaha, na wazee walioiona nyumba ya kwanza wanalia kwa sauti kuu, hadi mtu asijue kipi ni kilio, kipi ni shangwe. Sijaona mahali Ezra anaposema kuna aliyewanyamazisha wale wazee. Basi nawe usijinyamazishe. Kulilia belo lililoungua si kumkufuru aliyekupa mtaji mwingine.

Tena angalia, waliimba kwenye msingi, kabla ya ukuta wala paa. Baadaye ujenzi ulisimamishwa, ukamalizika mwaka wa sita wa mfalme Dario, kama miaka ishirini mbele. Kwa hiyo usingoje mzigo urudi kama zamani ndipo ushukuru. Kibanda kikishasimama nguzo nne, inatosha.

Ukishukuru, taja vitu. "Asante kwa yote" inateleza tu mdomoni. Mimi nilikaa juu ya ndoo, nikahesabu kwa vidole: turubai la kuazima kwa mama lishe. Kikoba kunisogezea marejesho miezi miwili. Jozi kumi na mbili za mali kauli, yaani uza kwanza ndipo ulipe, kutoka kwa mtu ambaye bado nilikuwa na deni lake. Hapo kwenye mali kauli sauti ilikatika. Alinipa huku akijua sina. Nilikuwa nimeisikia neema ikihubiriwa tangu utotoni. Siku ile nikaishika, ina soli na kamba.

Sadaka ya shukrani toa kwa kadiri yako. Wapo wanaokopa ili bahasha ionekane nene. Hilo mimi siliafiki kabisa. Mimi nilitenga bei ya jozi ya kwanza, raba za mtoto, elfu nane.

Na machozi yakija mbele ya mteja, yaache. Yule wa raba alidhani nalia kwa kuwa amenilalia sana bei, akaniongezea elfu moja. Nikamrudishia, ingawa mkono ulisita.