Umepunguzwa kazini kwenye teknolojia? Kutuma maombi ni hatua ya tano

Wengi wakishapokea barua ya kupunguzwa, usiku huohuo wanakaa kwenye kompyuta na kuanza kutuma maombi: kumi leo, ishirini kesho. Baada ya wiki tatu hakuna aliyejibu na moyo umeshavunjika. Mimi ni mhandisi wa programu. Nimewahi kupunguzwa, na baadaye nimekaa miaka kadhaa upande wa pili wa meza nikisaili watu na kusoma wasifu wao. Ninachokiona mara kwa mara ni watu wenye uwezo mzuri tu wanaocheleweshwa na mpangilio. Kuna mambo manne ya kumaliza kabla ya ombi la kwanza kutoka.

Lakini kwanza ondoa fikra kwamba umepunguzwa kwa sababu hufai. Novemba 2022 Meta ilitangaza kupunguza watu 11,000. Januari 2023 Google ikatangaza 12,000, Microsoft 10,000, Amazon zaidi ya 18,000. Kampuni hizo zilikuwa zimeajiri kwa pupa wakati wa korona, kisha mazingira yakageuka. Benki kuu ya Marekani ilipandisha riba kutoka karibu na sifuri mwanzoni mwa 2022 hadi kupita asilimia 5 katikati ya 2023, mitaji ikawa ghali, na wawekezaji wakaanza kudai faida badala ya ukuaji. Orodha za namna hiyo nyingi hupangwa kwa kuangalia idara na gharama, na pengine meneja wako aliiona siku moja na wewe. Sisi wasaili tunalijua hilo, na wengine wetu tumo katika orodha hizohizo.

Hatua ya 1: Usisaini siku hiyohiyo

Utapewa hati, na utaambiwa kwa upole kwamba ni utaratibu tu. Ichukue ukaisome nyumbani. Tafuta humo tarehe ya mshahara wa mwisho, siku za likizo ambazo hukuzitumia, kiinua mgongo, bima ya afya inakoma lini, kifungu kinachokuzuia kufanya kazi kwa washindani, na kifungu cha kuachia haki yako ya kudai. Hicho cha mwisho ndicho kampuni inachokinunua kwa kile kiinua mgongo, kwa hiyo una nafasi ya kuzungumza. Muda wa kufikiri unatofautiana kwa nchi. Marekani, kwa mfano, mtu mwenye miaka 40 au zaidi anayepunguzwa pamoja na wenzake hupewa siku 45 za kutafakari, na siku 7 za kubadili mawazo baada ya kusaini.

Ikiwa ulipewa haki ya kununua hisa, angalia muda wake. Mikataba mingi hutoa siku 90 tu tangu siku ya kuondoka, na baada ya hapo haki inapotea kimyakimya. Na ikiwa kibali chako cha kuishi kimefungwa kwa mwajiri, hilo ndilo la kwanza kabisa. Mwenye viza ya H-1B, ile ya kazi kwa wataalamu wa kigeni, nchini Marekani huwa na siku zisizozidi 60, na saa inaanza kuhesabu siku ajira inapokoma.

Omba kwa maandishi barua inayosema kwamba nafasi yako ilifutwa. Uliza pia kama utabaki na kompyuta mpakato, na kama tarehe ya kuondoka inaweza kusogezwa ili bima iende mwezi mmoja zaidi. Wakikataa, hujapoteza kitu.

Msimbo wa kampuni, yaani maandishi ya programu zake, usiuguse. Hata ule ulioandika wewe mwenyewe usiku wa manane si mali yako. Chukua hati zako za mshahara, namba za wenzako, na yale uliyoyabeba kichwani.

Hatua ya 2: Hesabu miezi

Hii ni fupi. Gawanya akiba yako, pamoja na kiinua mgongo, kwa matumizi ya lazima ya mwezi. Jibu ni miezi uliyonayo. Kisha andika tarehe mbili: ya kwanza ni siku utakapoanza kukubali kazi za mkataba wa muda mfupi, na ya pili ni siku utakapokubali cheo cha chini kidogo. Zipange sasa ukiwa na utulivu, maana ukizipanga akiba ikiwa imekauka utakubali chochote kitakachokujia.

Hatua ya 3: Andika daftari la ushahidi

Hapa ndipo ningekushauri ukae muda mrefu kuliko popote, na ndipo watu wanaparuka. Kabla ya kugusa wasifu, fungua faili tupu na uandike kila mradi uliofanya kwa miaka mitatu au minne iliyopita. Kwa kila mmoja jibu maswali manne: nini kilikuwa kibovu au hakipo, wewe kwa mkono wako ulifanya nini, nini kilibadilika, na mlijuaje kwamba kimebadilika.

Linganisha sentensi hizi mbili. Ya kwanza: "Nilishughulikia mfumo wa malipo." Ya pili: "Malipo yalikuwa yakikwama saa za msongamano, nilitoa kazi ya kutuma risiti kwenye njia kuu nikaiweka kwenye foleni, na muda wa kujibu ukashuka kutoka sekunde nne hadi chini ya moja." Mtu ni yuleyule na kazi ni ileile. Ya kwanza hainipi pa kuanzia swali. Ya pili inanipa maswali matano, na yote utayajibu vizuri kwa sababu ulikuwepo.

Huna takwimu? Eleza ukubwa wa kazi: watumiaji kwa makadirio, mlikuwa wangapi kwenye timu, mlikuwa mkitoa toleo jipya kila baada ya muda gani. Usibuni namba. Nikiona "niliongeza kasi kwa asilimia 60" swali langu la kwanza huwa "mlipimaje?", na hapo ndipo usaili wa watu wengi ulipoishia.

Andika pia jambo moja lililoharibika mikononi mwako na ulivyolitengeneza. Litaulizwa. Aliyekaa kwenye seva za kampuni miaka mitano akasema hajawahi kuangusha kitu, ama hakugusa kitu ama ananificha.

Daftari likijaa, wasifu unajiandika. Kurasa mbili zinatosha, safu moja, bila picha wala vijimita vya kuonyesha kwamba ujuzi wako wa Java, lugha ya kuandikia programu, ni nyota nne. Ihifadhi kama PDF, kisha ifungue, chagua maandishi yote, yabandike kwenye kihariri cha maandishi matupu. Ikiwa tarehe zimehama na vyeo vimechanganyika na namba za simu, basi ndivyo mifumo ya kupokelea maombi itakavyousoma.

Kuna uvumi unaozunguka kwamba mashine hutupa wasifu nyingi kabla ya binadamu kuuona. Kwa nilikopita, mfumo ulikuwa ukihifadhi na kupanga tu. Kilichokuwa kikiwaondoa watu ni maswali ya mwanzo, kama vile una kibali cha kazi au uko tayari kuhama, na baada ya hapo ni afisa ajira mwenye rundo mbele yake na mchana mmoja wa kulimaliza. Kwa hiyo mwandikie huyo aliyechoka. Jambo lako kubwa liwe kwenye theluthi ya kwanza ya ukurasa. Akili mnemba itumie kusahihisha lugha ukipenda, lakini ukiiachia ikuandikie, sentensi zako zitafanana na za waombaji wengine tisa wa asubuhi hiyo. Tunaziona.

Hatua ya 4: Waambie watu

Aibu ya kupunguzwa inagharimu watu kazi. Wanakaa kimya mwezi mzima wakingoja wapate kazi kwanza ndipo waseme, wakati wenye uwezo wa kuwasaidia hawana habari.

Anza na wale usiowasiliana nao mara kwa mara. Mwanasosholojia Mark Granovetter alieleza mwaka 1973 kwa nini habari za kazi mara nyingi huja kwa watu tunaofahamiana nao kijuujuu: rafiki zako wa karibu wanajua yaleyale unayoyajua. Mwaka 2022 utafiti uliochapishwa katika jarida la Science, uliohusisha watumiaji zaidi ya milioni 20 wa LinkedIn, mtandao wa kijamii wa mambo ya kazi, uliliunga mkono wazo hilo, ukionyesha kwamba mahusiano ya wastani, yasiyo ya karibu sana wala ya mbali kabisa, ndiyo yanayosaidia zaidi. Kwa lugha ya kazini: yule mliyefanya naye mradi mmoja miaka mitatu iliyopita, akahama, na bado anakukumbuka vizuri.

Mwandikie yeye peke yake, si ujumbe wa kunakili kwa watu hamsini:

"Habari za siku nyingi? Natumai u mzima. Mwezi uliopita nafasi yangu ilifutwa pamoja na timu yetu yote ya malipo. Nimeona kampuni yenu inatafuta mhandisi wa upande wa seva. Kabla sijaomba, naweza kukupigia dakika kumi na tano nikuulize timu hiyo inahangaika na nini hasa sasa hivi? Ukiona nafaa, nitashukuru ukinipendekeza. Ukiona sifai, niambie tu, hakuna ubaya."

Ujumbe huu hauombi kazi. Unaomba kitu ambacho mtu anaweza kukitoa leo, na unamwachia njia ya kukataa bila kuona haya. Ukipata jibu kuhusu kinachoisumbua timu, rudi kwenye daftari uchague ushahidi unaokaa hapohapo.

Wenzako mliopunguzwa pamoja msiachane. Fungueni jedwali moja la pamoja, kila mmoja aandike nafasi aliyoiona lakini haimfai. Kuhusu ile fremu ya kijani ya LinkedIn inayosema unatafuta kazi: wapo wanaosema inakushushia hadhi. Mimi nikiiona kwa mtu huona tu kwamba yupo tayari kuanza haraka. Usipoipenda, kuna chaguo la kuonekana kwa waajiri tu.

Hatua ya 5: Sasa tuma maombi

Machache kwa wiki, yaliyopangwa vizuri, na mapema baada ya tangazo kutoka. Ombi lisilo na mtu yeyote ndani anayekujua ni jiwe la gizani, kwa hiyo kila ukipata tangazo jiulize kwanza unamfahamu nani pale. Hakikisha tangazo lipo kwenye tovuti ya kampuni yenyewe. Tangazo lililokaa miezi mingi bila kubadilika mara nyingi halina kazi nyuma yake. Weka jedwali lenye kampuni, tarehe, aliyekupendekeza, toleo la wasifu ulilotuma, na siku ya kufuatilia. Baada ya maombi ishirini hivi litakuonyesha ugonjwa uko wapi. Usipoitwa kabisa, tatizo ni wasifu au aina ya nafasi unazoziomba. Ukiitwa na kuishia simu ya kwanza, ni maelezo yako. Ukifika mwisho ukakosa, rudi kwenye mazoezi.

Jihadhari na matapeli, kwa kuwa wanajua una haraka. Mwajiri wa kweli hadai ada. Na kuna ujanja unaowalenga watu wa fani yetu hasa: mwaka 2023 watafiti wa kampuni ya usalama wa mitandao ya Palo Alto Networks walieleza wadukuzi wanaojifanya waajiri, wanaompa msailiwa mradi wa kupakua na kuuendesha, na ndani yake mna programu ya kuiba nywila. Zoezi lolote la kupakua liendeshe ndani ya kompyuta pepe, yaani kompyuta ya kuigizwa na programu iliyotengwa na mashine yako, kamwe si kwenye mashine yenye akaunti zako.

Hatua ya 6: Usaili

Swali la kwa nini uliondoka lijibu kwa sentensi mbili: kampuni ilipunguza watu, timu yangu ilikuwemo, na sasa natafuta kazi ya aina fulani. Kisha nyamaza. Anayeendelea kueleza dakika tano ndiye anayenifanya nishuku.

Kwenye zoezi la msimbo, fanya mazoezi ukiongea kwa sauti, kwa sababu ukimya ndio unaotushinda kupima. Mtu aliyekwama lakini akaniambia anajaribu nini na kwa nini ameacha njia ya kwanza, nimempa alama nzuri mara nyingi. Kwenye usanifu wa mfumo, usikimbilie kuchora visanduku. Uliza kwanza watumiaji ni wangapi, data inaandikwa zaidi au inasomwa zaidi, na nini kinaruhusiwa kuchelewa. Maswali ya tabia yajibu kwa mfuatano wa hali, jukumu, hatua na matokeo, na kwenye hatua useme ulichofanya wewe, si timu. Unyenyekevu ni mzuri ila mimi sijaja kuajiri timu yako ya zamani.

Zoezi la kufanyia nyumbani linalokula siku nzima, uliza kama unaweza kufanya sehemu tu. Jibu watakalokupa litakuambia mengi kuhusu watakavyokutendea.

Hatua ya 7: Ofa

Usiwe wa kwanza kutaja kiasi. Uliza wametenga kati ya kiasi gani na kiasi gani kwa nafasi hiyo. Mshahara wako wa zamani si lazima kuutaja, na baadhi ya majimbo ya Marekani, kama California na New York, yamewakataza waajiri kuuliza. Nawe uliza yako: nafasi hii ni mpya au mtu ameondoka? Mlipunguza watu lini mara ya mwisho? Kwa kampuni changa, fedha zilizopo zinatosha miezi mingapi? Ni swali la kawaida kwa mtu aliyetoka kupunguzwa, na anayekasirika kwa kuulizwa ameshakujibu.

Kauli ya simu si ofa. Endelea na saili nyingine mpaka mkataba uwe umesainiwa na pande zote mbili. Ukishasainiwa, jitoe kwenye foleni zilizobaki siku hiyohiyo, maana kuna mwingine anayengoja nyuma yako, na uwaandikie waliokupendekeza, pamoja na wale ambao mapendekezo yao hayakufika popote.