Ubuntu ikigoma kuwaka baada ya kusasishwa
Umesasisha Ubuntu (mfumo endeshi, kama Windows) kwenye kompyuta ya mezani, ukawasha tena, ukaambulia skrini nyeusi? Usikimbilie kufuta kila kitu, hata fundi akikushauri hivyo. Mara nyingi tatizo ni keneli mpya (kiini cha mfumo kinachoendesha vifaa vya kompyuta), na ile ya zamani bado imo humo humo. Zima, washa, nembo ya mtengenezaji ikipotea tu gonga Esc mara moja (mashine za zamani shikilia Shift). Ukizidisha utaangukia kwenye skrini ya kuandikia amri yenye neno grub>. Zima uanze upya. Menyu ya kuwashia mfumo ikitokea, ingia Advanced options, chagua keneli yenye namba ndogo, mfano 6.8.0-45 badala ya 6.8.0-47. Mstari wenye maneno recovery mode uruke. Wenye kadi ya picha ya NVIDIA, kompyuta ikiwaka tu sakinisheni upya draiva (programu inayoendesha kadi hiyo).