Apu imekwama kwenye Missing Compliance? Swali la enkripsheni jibu hivi

Umeaplodi apu ya iPhone kwenye App Store Connect, tovuti ya Apple ya kupandishia apu, umesubiri weee imalize kuprosesi, halafu TestFlight, ile ya kuwapa watu apu waijaribu kabla haijatoka, inakuletea kialama cha njano, Missing Compliance, na mshkaji wako wa Mbeya aliyetakiwa kuijaribu anakupigia kelele hajapata kitu. Usipaniki, haijaharibika, ni sheria ya Marekani tu kuhusu enkripsheni, yaani kufunga data isisomwe na mtu mwingine.

Kwa nini Marekani na wewe upo Sinza? Seva za Apple ziko kule, kwahiyo mtu wa Nairobi akidaunlodi inahesabika mzigo umetoka Marekani kwenda nje. Na wale jamaa enkripsheni waliiweka kapu moja na silaha mpaka 1996, Phil Zimmermann, programa wa huko, alichunguzwa miaka mitatu kisa PGP, programu yake ya kufunga barua pepe, imevuka mpaka. Mwaka 2000 wakalegeza sana, ila makaratasi hayakuisha.

Sasa jiulize kwanza, apu yako inafunga data kwa kutumia nini? Kama inaongea na seva kwa HTTPS ya kawaida ya URLSession (kifaa cha Apple cha kuongea na mtandao), au paswedi unazitunza kwenye Keychain (kabati la siri la Apple), hiyo ni enkripsheni ya Apple mwenyewe, wewe hujaleta yako. Fungua Info.plist, faili la mipangilio ya apu, ongeza ITSAppUsesNonExemptEncryption, weka NO, aplodi tena, hutaulizwa tena. Mimi mara ya kwanza nilijaza YES maana niliona neno Encryption nikasema si HTTPS nayo ni enkripsheni jamani, kumbe mchezo wote upo kwenye NonExempt, yaani wanauliza ile ambayo HAIJASAMEHEWA. Hata jina lenyewe limekaa kimtego.

Kama hutaki kuaplodi upya bonyeza Manage pembeni ya ile alama, chagua None of the algorithms mentioned above, basi.

Ila kama umebeba laibrari yako ya enkripsheni, tuseme OpenSSL au libsodium, usidanganye. Kwenye Manage hapohapo chagua ile ya standard, watakuuliza habari za Ufaransa maana wale wana sheria yao na wanataka kibali cha ANSSI, ofisi yao ya usalama wa mitandao, so kama huna wateja huko toa tiki ya Ufaransa kwenye orodha ya nchi maisha yaendelee.

Na kama enkripsheni umeibuni mwenyewe kichwani, hapo kweli utasumbuana na BIS, ile ofisi ya wizara yao ya biashara. Ila mi ningekushauri uitupe tu, tumia AES, njia ya kufunga data inayotumika kila mahali, kama wenzako.