SOMO: Pima mwenyewe AC ya gari lako inakula mafuta kiasi gani

Kila wiki swali ni lile lile: AC (kiyoyozi) ya gari inakula mafuta, na kiasi gani? Kwa hiyo naliandika mara moja na atakayeuliza tena nitamtumia huku.

Jibu la mkato: inakula, ila kiasi kinategemea joto, mwendo na gari lenyewe. Kompresa, pampu inayosukuma gesi ya AC, inazungushwa na injini kwa mkanda, na nguvu hiyo inatoka kwenye mafuta yale yale yanayosukuma gari. Safari ndefu kwa hali ya hewa ya Kampala, tarajia asilimia chache, pengine kumi. Jua la Arua la mwezi wa kwanza, mizunguko mifupi ya mjini, gari limeshinda juani: inaweza kufika robo, hata kuzidi. Anayekupa namba moja kwa magari yote anakudanganya. Pima lako.

1. Weka upepo wa matairi asubuhi, yakiwa baridi. Kipimo kimebandikwa kwenye fremu ya mlango wa dereva.

2. Chagua njia utakayoirudia siku mbili, zaidi ya kilomita 200 kwenda na kurudi. Barabara ya Masaka inafaa, mradi uanzie kituo cha mafuta utakachokuta ukishapita foleni ya Kyengera. Toka saa nne asubuhi, si alfajiri. Alfajiri hakuna joto, AC itakuwa inapumzika tu na utarudi hapa kutuambia haili kitu.

3. Jaza tanki. Hapa ndipo vipimo vya watu vinapofia, kwa hiyo soma polepole. Pampu hujikata mafuta au povu yanapofika kwenye kitundu cha nozeli. Ukibadilisha pampu, gari likiinama upande, au mhudumu akibana kwa nguvu zaidi, itajikata mahali pengine na lita moja imepotea bila wewe kujua. Kwenye safari ya lita 18, lita hiyo moja ni zaidi ya asilimia 5, yaani karibu tofauti yote unayoitafuta! Kwa hiyo: kituo kile kile, pampu ile ile, simama pale pale ukielekea kule kule, ijikate mara ya kwanza basi. Mhudumu atakuambia, "Ngoja nifikishe laki moja, sina chenji." Mkatalie. Shuka, simama karibu naye, lipa kwa simu. Na usishindilie mafuta mpaka mdomoni: kwenye magari mengi yanaingia kwenye mfumo wa mvuke wa tanki na kuuharibu. Waliopima kwa kuweka mafuta ya elfu ishirini na kuangalia mshale wa mafuta hawajapima chochote.

4. Siku ya kwanza: AC imezimwa, feni tu, vioo vimefungwa. Ndiyo, utatoka jasho. Ukifungua vioo kwenye mwendo wa 90 unaongeza upepo unaolivuta gari nyuma, na hicho ni kipimo kingine.

5. Siku ya pili: AC imewashwa, mwendo ule ule, mzigo ule ule.

6. Kila siku ukirudi, jaza tena kama hatua ya 3. Lita zilizoingia mara 100, gawa kwa kilomita. Mfano: kilomita 220, siku ya kwanza lita 17.6, ya pili 18.9. Ni 8.0 na 8.6 kwa kilomita 100. AC imekula asilimia 7 hivi.

MASWALI

Wish_Nyeupe: Asante mkuu. Sasa kwa Toyota Wish ya 1.8 AC inakula lita ngapi?

Mwandishi: Hatua ya 1 hadi ya 6.

Wish_Nyeupe: Nauliza tu makadirio bwana, mbona ukali?

Mwandishi: Makadirio yako aya ya pili, juu kabisa. Si ukali, ni kusoma.

Special Hire Ntinda: Kaka, mimi masaa mengi nimekwama Jinja Road, si Masaka. Kipimo chako kinanisaidia nini?

Mwandishi: Swali zuri. Kwenye foleni hesabu kwa saa, usihesabu kwa kilomita. Injini ndogo ya petroli ikiunguruma bila kwenda inatumia lita moja hivi kwa saa au pungufu, na AC inaongeza juu yake huku kilomita hazisogei. Ndiyo maana mjini asilimia inapanda. Kwako vioo wazi ndiyo nafuu, maana kwa mwendo huo upepo hauvuti kitu. Ukivuka 80 hivi kwenye Entebbe Expressway, funga vioo, washa AC.

Special Hire Ntinda: Abiria wa airport akitaka baridi kuanzia Ntinda?

Mwandishi: Mpe baridi, ongeza nauli 😀

Mama Noah: Mimi naweka ile nobu ya joto katikati ili AC isifanye kazi sana, lakini sioni tofauti kwenye mafuta. Kwa nini?

Mwandishi: Dada, umeona kitu ambacho wengi hawakioni. Kwenye magari mengi yenye AC ya kawaida, nobu ile haiiambii kompresa ipunguze kazi. Hewa inapozwa kwanza, kisha kijilango cha ndani kinapitisha sehemu yake kwenye hita inayopata moto wa maji ya injini. Umelipia baridi, ukaipasha. Acha nobu kwenye baridi, punguza feni. Hewa ikipita kidogo inapoa haraka na kompresa inajizima mara nyingi zaidi. Simama, zima redio, sikiliza: klachi ya kompresa ikikamata utasikia "tak" na injini itaguna kidogo. Hesabu sekunde kati ya tak na tak, feni ikiwa juu, kisha ikiwa chini.

Mama Noah: Nimejaribu nyumbani sasa hivi. Kweli kabisa! Na kile kitufe cha mshale unaozunguka?

Mwandishi: Kinarudisha hewa ya ndani iliyokwisha poa, kazi inapungua. Ila kwanza fungua milango joto litoke, na safari ndefu ruhusu hewa ya nje mara kwa mara, hewa nzito inaleta usingizi.

Dereva wa Arua: Huku vumbi la murram tupu. AC yangu inapuliza vuguvugu na mafuta yanaisha vile vile.

Mwandishi: Mzee, tazama kondensa, ile inayotoa joto la AC nje, iko mbele ya rejeta. Vumbi na wadudu wakiiziba, joto halitoki na kompresa inahangaika bure. Osha kwa maji ya taratibu. Mashine ya presha inalaza zile fini zake, vile vibati vyembamba.

Dereva wa Arua: Kuna fundi anajaza gesi kwa bei poa, mtungi wake ni ule wa kupikia.

Mwandishi: Usimruhusu aguse gari. Gesi hiyo inawaka, na bomba likivuja ndani mko nayo pamoja. Magari mengi tuliyo nayo hapa yanatumia gesi ya AC iitwayo R134a; kibandiko kiko chini ya boneti. Kama kimebanduka, fundi wa kweli atauliza kabla ya kufungua mtungi.

Wish_Nyeupe: Nimepima. Nimeweka ya elfu thelathini, mshale ukashuka kidogo tu.

Mwandishi: Hatua ya 3.